Je, wajua kwa nini chuo binafsi chenye ada ya kutisha kinaweza kumsomesha mtoto wa mkulima bure?

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, akiambiwa kwamba mwaka mmoja wa masomo katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na chakula na malazi, unazidi dola 80,000 za Marekani, atacheka na kurudi kwenye bani lake la kukaushia tumbaku. Hata hivyo, mwanawe akidahiliwa huko, huenda familia isidaiwe hata senti.

Ada inayotangazwa ni kiwango cha juu tu. Chuo huchunguza mapato na mali za wazazi, hukadiria wanachomudu kuchangia, kisha hubeba kilichobaki. Kuanzia mwaka wa masomo 2025/26, familia ambayo mapato yake hayazidi dola 100,000 kwa mwaka, ikiwa na mali za kawaida, haitozwi chochote Harvard. Princeton nayo iliondoa mikopo katika misaada yake mwaka 2001, ikaweka ruzuku isiyorudishwa.

Fedha hizo hutoka kwa wazazi matajiri wanaolipa ada kamili, na zaidi katika kitu ambacho Waislamu wa Tabora wanakijua tangu enzi za misafara: wakfu. Mali iliyotolewa na wafadhili haiuzwi ikaisha, bali huwekezwa, na kila mwaka chuo hutumia sehemu ndogo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5. Wakfu wa Harvard unazidi dola bilioni 50. Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho ni chuo binafsi cha hapa Tabora, hakina hazina ya ukubwa huo, na ndiyo maana wanafunzi wake hutegemea Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi haiwabagui wa vyuo binafsi, lakini inachotoa ni deni, linalokatwa asilimia 15 ya mshahara wa mhitimu aliyeajiriwa.

Ugumu wa Marekani, basi, uko mlangoni. Harvard huchukua waombaji wasiofika watano katika kila mia, na vyuo vingi, ambavyo wakfu wao ni mdogo, humpima mgeni kwa uwezo wake wa kulipa kabla ya kumpokea. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vichache visivyofanya hivyo. Fomu ya FAFSA, ambayo wengi huisikia, ni ya misaada ya serikali ya Marekani na haimfai mwanafunzi wa kigeni. Vyuo vingi humtaka ajaze CSS Profile, fomu ya mtandaoni inayoeleza hali ya kifedha ya familia, na mkulima asiye na hati ya mshahara anaweza kuthibitisha kipato chake kwa karatasi za mauzo kutoka AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, na taarifa ya benki, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Kwa kuwa maombi ya kawaida ya Harvard hufungwa tarehe 1 Januari, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa kidato cha sita, karatasi hizo zitakuwa za msimu uliopita, na inafaa zitunzwe tangu siku ya malipo.