Je, wajua kwa nini kushuka kutoka Mweka huumiza mapaja kuliko kupanda?

Anayekimbia kutoka Moshi mjini kwenda Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, hupanda karibu njia nzima. Mji uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na lango la hifadhi pale Mweka liko juu ya mita 1,600. Ukitoka alfajiri, kabla mawingu hayajafunga na magari hayajawa mengi, Kibo, kilele kirefu cha mlima huo, unaiona mbele yako juu ya migomba na mibuni. Kwa macho yangu, njia za mazoezi zinazoishinda hiyo nchini ni chache. Hata nusu marathoni ya Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza 2003, hupandisha watu kuelekea Mweka na kuwarudisha mjini.

Wakati wa kupanda mtu hutweta, moyo humwenda mbio, na akishageuza hujiona amemaliza kazi. Kesho yake, au keshokutwa, ndipo anashindwa kukaa kwenye kiti mpaka ashike meza. Lawama hupewa mlima wa kwenda. Kumbe mapaja yameumizwa na mteremko wa kurudi.

Chanzo ni namna msuli unavyofanya kazi. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikijikunja kuwa mifupi, na ndivyo inavyonyoosha goti na kukuinua. Unapokimbia kwenye mteremko, kila mguu ukigusa chini goti linataka kupinda kwa uzito wako wote. Misuli ile ile hukaza ili kulizuia, lakini safari hii inavutwa na kurefuka ikiwa imekaza, kama mikono ya mtu anayeteremsha ndoo nzito kisimani na kuiachia kamba kidogo kidogo. Kazi hiyo ya breki haihitaji hewa nyingi, kwa hiyo pumzi haikuonyi. Tena, nyuzi za msuli zinazoitwa kazini ni chache kuliko wakati wa kupanda, hivyo kila uzi hubeba mzigo mkubwa zaidi. Baadhi huchanika, michaniko midogo mno isiyoonekana kwa macho.

Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Gottschall na Kram, walipima nguvu za mguu kwenye mteremko wa digrii 9. Kishindo cha kutua kilizidi kile cha sehemu tambarare kwa asilimia 54, na nguvu ya breki ikazidi kwa asilimia 73.

Wakimbiaji wengi bado wanaamini maumivu hayo ni asidi ya laktiki iliyobaki misulini. Hapana. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mbio, wakati maumivu haya hukomaa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, mwili unapokuwa kwenye ukarabati na msuli umevimba.

Mweka yenyewe ina ushahidi mzuri kuliko wa mbio. Wapanda mlima wengi wanaopitia njia ya Machame hushukia lango hilo, yaani kutoka kileleni, mita 5,895, hadi chini kule, zaidi ya mita 4,000 za mteremko ambazo kwa kawaida humalizwa ndani ya siku mbili. Wageni hufika wakiteremka ngazi za hoteli kiubavu, huku wapagazi waliobeba mizigo njia ile ile wakijiandaa kwa safari nyingine. Msuli ulioumizwa na mteremko mara moja hujijenga upya kwa namna ya kuustahimili, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Si lazima hata uumie sana ndipo uipate, mteremko mfupi unatosha kuianzisha.

Kwa hiyo anayejiandaa kwa njia ya vilima asifanye mazoezi ya kupanda tu kisha akarudi na bodaboda. Ashuke pia, kwanza kilomita moja au mbili taratibu, akiongeza wiki hadi wiki. Hatua ziwe fupi na za haraka, goti likunjwe kidogo, na mwili usiegemee nyuma, kwa sababu kuegemea nyuma hutupa mguu mbali mbele na kuongeza breki. Mteremko mkali wa mwisho uwe angalau wiki moja kabla ya mbio, maana msuli unaouma haujarudisha nguvu zake zote hata kama pumzi iko tayari.