"Mwili umeshazoea dawa" na mengine tunayokosea kuhusu bakteria sugu

"Mwili wangu umeshaizoea sipro, hainifanyi kitu tena."

Mwili haukuzoea chochote. Aliyebadilika ni bakteria, na kwa dawa nyingi usugu huwa ni wa kupewa: umebebwa na plasmidi, kijipete cha DNA kinachokaa kando ya kromosomu na kinachoweza kuhamia kwa jirani. Bakteria aitwaye Klebsiella aliyeng'ang'ania kwenye mpira wa mkojo anaweza kuupokea kutoka kwa E. coli, bakteria wa utumboni, wa mgonjwa huyohuyo.

"Basi tuipumzishe dawa, bakteria watautua mzigo wenyewe."

Hesabu inavutia, maana kubeba plasmidi kuna gharama. Ila plasmidi nyingi zina ujanja wa kutofukuzika. Mwaka 1983 Wajapani Ogura na Hiraga walieleza mfumo wa ccd katika plasmidi F. Plasmidi hutengeneza sumu inayodumu, pamoja na kizuizi chake kinachooza upesi. Bakteria anapogawanyika, mtoto akitoka bila plasmidi anakuwa amerithi vyote viwili, lakini hana pa kupata kizuizi kipya. Kikiisha, sumu inashika jirasi, kimeng'enya kinacholegeza misokoto ya DNA, na DNA inakatika. Jirasi hiyohiyo ndiyo inayolengwa na sipro!

Ni kama mpangaji aliyetia sumu mtungini, kisha kila asubuhi akawa anawagawia wenye nyumba dawa yake. Mfukuze uone.

Plasmidi R1, yenye jeni za usugu, inatumia mfumo mwingine wa aina hii: hok ni sumu, sok ni kizuizi. Hapa kizuizi ni RNA fupi, molekuli ya jamii ya DNA, inayozuia sumu isitengenezwe. Ikikosekana, sumu inaharibu utando wa seli. Kwenye hadubini unaona ganda tu: katikati kweupe, ncha zimekolea weusi.

Kupunguza matumizi ya dawa kunasaidia, kwa sababu ujanja huu nao huvuja: wapo bakteria wanaopoteza plasmidi na bado wakaishi. Kutegemea usugu utoweke ndani ya miezi michache ndiko kujidanganya.

"Sumu hiyo ndiyo inayomuumiza mgonjwa."

Hapana. Si kama ya pepopunda au kipindupindu. Hii inafanya kazi ndani ya bakteria mwenyewe. Wala haivunji dawa. Meropenemu, antibiotiki ya hospitalini, inavunjwa na vimeng'enya kama NDM. Mfumo wa sumu unahakikisha tu kwamba plasmidi iliyobeba jeni za vimeng'enya hivyo haipotei.

"Mifumo hii ndiyo inayowalaza bakteria ili dawa iwapite."

Hapa waliteleza hata wataalamu. Bakteria wanaostahimili dawa bila kuwa sugu, kwa kulala tu, wapo kweli. Mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger aliwaeleza mwaka 1944, alipoona penisilini inabakiza wachache. Mwaka 2011 ikachapishwa makala kwamba ukifuta mifumo kumi ya sumu katika E. coli, wachache hao wanapungua sana. Ikanukuliwa kila mahali. Baadaye ikagundulika kwamba bakteria wa maabara walikuwa wameambukizwa phi80, kirusi cha bakteria, na kirusi ndicho kilichovuruga matokeo. Mwaka 2018 makala ikaondolewa.