PlayStation ya bluu si sampuli ya majaribio

Wengi wakiona PlayStation ya kwanza yenye ganda la bluu au kijani hudhani ni sampuli iliyoundwa kabla mashine haijaingia sokoni. Sivyo. Hizo zilitoka kiwandani zikiwa kamili, zikapewa kampuni za michezo zijaribu kazi ambazo hazijakamilika, kwa kuwa zinasoma CD za kuchoma, ambazo mashine ya dukani huzikataa.

Rangi ni shahidi dhaifu; ganda hubadilishwa kwa bisibisi tu. Igeuze usome lebo: ya dukani huanza na SCPH, ya watengenezaji wa michezo DTL-H, mathalani DTL-H1200. Na usiishie kwenye kujaribu CD ya kuchoma, maana chipu iliyolehemiwa na fundi ndani ya mashine ya dukani huifanya izisome pia. (Nyeusi, Net Yaroze, iliyofika Ulaya na Marekani mwaka 1997, waliuziwa mashabiki waliotaka kujifunza kuunda michezo.)

Sampuli ya kweli ni ile iliyobaki ya ushirikiano wa Sony na Nintendo mwanzoni mwa miaka ya 1990, yenye tundu la kaseti za Super Nintendo (mashine ya michezo ya Nintendo) na sehemu ya CD. Mwaka 2020 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 360,000.