Sola ya kioganiki: chukua futi kamba kabla ya kutoa pesa

Malalamiko tunayopokea siku hizi hapa UNBS, shirika la viwango la Uganda, yanafanana. Mnunuzi anauziwa shiti jembamba la kukunja, anaambiwa ni sola ya kioganiki ya wati 100, na nyumbani haijazi hata betri ya taa mbili.

Semikonda za kioganiki, yaani vitu vya kaboni vinavyopitisha umeme kwa kiasi, zipo kweli. Ni molekuli za kaboni, kama rubrini na pentasini. Mwaka 1986 mwanasayansi Ching Tang alieleza seli ya sola ya tabaka mbili yenye ufanisi (sehemu ya mwanga inayogeuka umeme) wa karibu asilimia 1; leo maabara zimekaribia 20. Ugumu ni kwamba mwanga ukiigonga molekuli, elektroni haiachiliwi huru mara moja kama kwenye silikoni. Hubaki imeshikamana na pengo ililoliacha, na kwa kawaida jozi hiyo husafiri nanomita 10 hivi, kisha hupotea. Ndani ya fuwele safi ya rubrini husafiri maikromita kadhaa, yaani maelfu ya nanomita, ndiyo maana watafiti wanazithamini fuwele hizo kwa vihisi-mwanga. Lakini oksijeni na mwanga huiharibu rubrini isipofunikwa vizuri. Fuwele ya milimita chache si bidhaa ya kupangwa rafuni kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala.

Tunaulizwa pia kama sola hizi huoza shambani. Hapana, haziozi! Zina plastiki na metali.

Paneli hupimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli ikiwa na nyuzi 25. Kwa ufanisi wa asilimia 20, wati 100 zinahitaji nusu mita ya mraba. Ukubwa wa karatasi ya A4 hautoi zaidi ya wati 12 au 13. Hilo halihitaji mtaalamu. Soma na kibandiko cha nyuma: volti 18 mara ampea 2.2 ni wati 40, hata kama pameandikwa 100.

Kwa waagizaji: shehena hukaguliwa huko inakotoka na kupewa cheti cha ulinganifu, cha kuthibitisha kuwa inakidhi viwango. Ikifika bila cheti, itakaguliwa hapa kwa gharama yako, pamoja na tozo ya adhabu. Ikishindwa, itarudishwa au kuharibiwa, kwa gharama yako vilevile. Andaa ripoti za vipimo vya viwango vya kimataifa vya paneli: IEC 61215, vya uimara, na IEC 61730, vya usalama.

Mnunuzi mwenye lalamiko alete risiti na paneli yenyewe kwenye ofisi za UNBS, Bweyogerere au matawi ya Gulu, Mbale na Mbarara. Tafadhali usiikate kuona kilichomo. Paneli iliyokatwa haipimiki.