Kano inayouma haitaki kulazwa

Mtu akija analalamikia "mshipa wa kisigino", kwanza namlaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, kisha namminya kigimbi. Unyayo ukijivuta kuelekea chini, kano, yaani kamba inayounganisha msuli wa kigimbi na mfupa wa kisigino, bado imeshika. Ukitulia tuli, imekatika.

Wengi haijakatika. Asubuhi huchechemea hatua za kwanza, baadaye maumivu hupoa. Wameshapumzika mwezi mzima, wakapata nafuu, wakarudi mbioni, yakaanza upya. Si ajabu: kano isiyofanya kazi hudhoofika. Iliyougua muda mrefu, nyuzi zake za kolajeni, protini inayoipa uimara, zimevurugika, na kinachozirudishia nguvu ni mzigo unaoongezwa taratibu.

Zoezi ninalolitoa zaidi ni lile la mtafiti Alfredson na wenzake wa Uswidi, la mwaka 1998. Simama kwa vidole ukingoni mwa ngazi. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, shuka polepole hadi kisigino kipite usawa wa ngazi. Mara 15, seti 3, goti limenyooka. Kisha seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Litauma, na maumivu ya kuvumilika hayanitishi. Ila kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, fanyia sakafuni, usishuke chini zaidi.

"Si unichome sindano tu?" Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hutuliza haraka, sikatai. Lakini kwenye kano za kiwiko, waliochomwa huwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa miezi kadhaa baadaye, na kwenye kisigino naogopa kano isije ikakatika. Sindano ya plazma, yaani majimaji ya damu yako mwenyewe, ni ghali, na katika jaribio la Uholanzi la 2010 haikuishinda sindano ya maji ya chumvi.

Iliyokatika nayo si lazima ishonwe. Utafiti wa Norwei wa 2022 ulionyesha kuwa baada ya mwaka, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa sawa kiutendaji. Tofauti ni kwamba kano ilikatika tena kwa asilimia 6.2 ya wasiopasuliwa, dhidi ya 0.6 ya waliopasuliwa, ambao nao wana hatari ya kidonda na neva kuumia. Muhimu ni kuwahi, siku za mwanzo.

Halafu nauliza kuhusu dawa, swali linalowashangaza wengi. Antibiotiki kama siprofloksasini huweza kudhuru kano. Ukiwa unaimeza na kisigino kimeanza kuuma, acha mazoezi, mpigie daktari wako leo.