Riba ya Benki Kuu na Mkopo wa Muuzaji wa Soko la Kilombero

Tangu Kamati ya Sera ya Fedha ilipoishusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi asilimia 5.75 mwezi Julai 2025, wapo wananchi wa Arusha na Moshi wanaouliza ni lini nao watakopeshwa kwa riba hiyo. Sisi wa Benki Kuu ya Tanzania hatumkopeshi mwananchi mmoja mmoja. Riba hiyo, iliyoanza kutumika Januari 2024 ikiwa asilimia 5.5, ni mwongozo wa bei ya fedha pale benki zinapokopeshana kwa siku saba, na kutoka hapo hadi kwa muuzaji wa ndizi wa Soko la Kilombero jijini Arusha ni safari ndefu.

Hoja ya kwamba tuchapishe noti tuwagawie maskini nayo haituachi tupumzike, ilhali noti hizo zingepandisha bei. Bei zikipanda, mwenye nyumba za kupangisha Njiro hupandisha kodi na thamani ya kiwanja chake hupanda pia, ilhali mwenye akiba ya noti kwenye kibubu huona akiba hiyo ikipungua bila kuguswa na mtu. Mfumuko wa bei humnyang'anya zaidi asiye na mali, na ndiyo maana lengo letu ni kuubakiza kati ya asilimia 3 na 5. Hata hivyo, ni haki kukiri kwamba bei tulivu hazimpi mtu shamba wala ada ya shule: umaskini wa mahitaji ya msingi ulipungua kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12 hadi asilimia 26.4 tu mwaka 2017/18, katika miaka ambayo uchumi ulikua kwa kasi ya kuridhisha. Kugawa mzigo wa kodi na huduma ni kazi ya bajeti ya Serikali, si yetu.

Palipo na kazi yetu ni kwenye bei ya mkopo. Mwajiriwa mwenye hati ya mshahara hukopa benki kwa riba ya wastani wa takribani asilimia 15 kwa mwaka. Mkopeshaji wa daraja la pili mwenye leseni, yaani anayekopesha bila kupokea amana, amewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani asilimia 42 kwa mwaka, kiwango ambacho binafsi sikioni kuwa cha nafuu. Anayekopa shilingi 200,000 za kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa mno, na kurejesha 260,000 baada ya siku thelathini amelipa asilimia 30 kwa mwezi mmoja. Kwa ukomo uliowekwa angelipa riba ya shilingi 7,000. Kwa hiyo mwenye kipato kidogo ndiye anayenunua fedha kwa bei kubwa kuliko wote, na pengo la utajiri hupanuka hapo hapo sokoni.

Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha bila leseni ni kosa linaloadhibiwa kwa faini, kifungo au vyote viwili. Leseni ya biashara ya halmashauri si leseni ya kukopesha, na jambo hili tumelieleza mara nyingi mno. Vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana, vikiwemo VICOBA, ni daraja la nne na husajiliwa kupitia halmashauri. Kadi ya benki na namba ya siri si dhamana, na anayemkabidhi mkopeshaji vitu hivyo amemkabidhi mshahara wake wote.

Mwenye malalamiko aanze kwa kuyapeleka kwa maandishi kwa mkopeshaji mwenyewe, nakala yake igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea, ikionyesha tarehe. Asiporidhika na majibu, au asipojibiwa, ndipo alete kwetu nakala hiyo, mkataba wa mkopo na stakabadhi za marejesho yote. Anayekuja na maelezo ya mdomo pekee tutamsikiliza kwa heshima, kisha tutamrudisha akatafute mkataba.