Kwa nini bizimu la askari wa Hitler liliandikwa "Mungu yu pamoja nasi"?

Bizimu ni kile chuma cha mbele kinachofunga mkanda. Ukilishika la askari wa nchi kavu wa Ujerumani wa Vita Kuu ya Pili, utaona tai aliyekamata swastika, majani ya mwaloni chini yake, na juu maneno Gott mit uns: Mungu yu pamoja nasi. Kwa msomaji wa Biblia hiyo ndiyo maana ya jina Imanueli. Lilifikaje kiunoni mwa jeshi la Hitler?

Lilimtangulia. Jeshi la Prusia, ufalme mkubwa wa Kijerumani wa wakati huo, lilianza kuyavaa maneno hayo kwenye mabizimu mwaka 1847, miaka 42 kabla Hitler hajazaliwa. Wakati huo katikati palikaa taji la mfalme. Ufalme ulipoanguka mwaka 1918, taji likatoka, akaingia tai wa jamhuri, maneno yakabaki. Mwaka 1936 Wanazi nao wakabadili tai tu. Askari alikuwa amevaa sala ya babu yake chini ya ndege mgeni.

Lakini usidhani kila bizimu la Kijerumani lina maneno hayo. Dola ya Ujerumani iliyoundwa mwaka 1871 ilikuwa na falme zenye majeshi yao, na hapa ndipo utamu ulipo, kwa sababu bizimu la Vita Kuu ya Kwanza linaweza kukuambia mwenyewe alitumikia jeshi la ufalme gani. Wa Bavaria alivaa In Treue fest, imara katika uaminifu. Wa Saksonia alivaa Kilatini, Providentiae memor, kukumbuka maongozi ya Mungu. Wa Württemberg alivaa Furchtlos und trew, bila woga na mwaminifu. Hiyo "w" ya mwisho si kosa la fundi, ni tahajia ya kale.

Katika vita vya pili falme hazikuwapo tena, kwa hiyo unatazama kikosi. Jeshi la anga lilikuwa na tai anayeruka, bila neno lolote. SS, kikosi chenye silaha cha chama cha Hitler, waliandika Meine Ehre heißt Treue, heshima yangu ni uaminifu: Mungu hayumo. Jeshi la majini lilitumia sura ileile ya nchi kavu, ila kwa rangi ya dhahabu.

Madini nayo yanasema. Mabizimu ya zamani ni ya shaba ya manjano. Kuanzia mwaka 1915 yakatengenezwa ya chuma cha pua yaliyopakwa rangi ya kijivu, maana shaba ilitakiwa kwenye risasi. Vita vya pili vilirudia mchezo huo: alumini kwanza, kisha chuma cha pua.

Mwisho ligeuze. Mengi yalikuwa na kipande cha ngozi kilichogongwa jina la kiwanda na mwaka, na mara nyingi utasoma Lüdenscheid, mji wa viwanda vya vifungo huko magharibi mwa Ujerumani. Lile lililogongwa kwa mashine kutoka bati moja huonyesha mgongoni umbo la tai kinyumenyume, limebonyea. Ukikuta vitundu vidogo vya mapovu ya chuma kilichomiminwa, rudisha mkono mfukoni: hilo huenda limetengenezwa juzi.